Jina la Mariamu

Asubuhi, ngalawa zirudipo kutoka kuvua, watu hukusanyika pwani ya Bagamoyo kungoja samaki. Wako wachuuzi wenye matenga, wako akina mama wenye vikapu, na wako watoto waliotumwa na wazee wao. Mtu akisimama hapo akapaza sauti kuita, "Mariamu!", aghalabu hageuki mtu mmoja tu. Atageuka bibi kizee aliyejitanda kanga, aitike, "Naam!" Atageuka mama aliyebeba mtoto mgongoni. Atageuka na msichana wa shule mwenye madaftari kwapani, aitike, "Abee!" Mmoja amezaliwa katika nyumba ya Waislamu, mwingine katika nyumba ya Wakristo, na wote wana jina moja. Wakijuana, wataitana "somo".

Neno hili somo lina maana zaidi ya moja. Somo ni fundisho, kama hili lililo mbele ya msomaji. Somo ni mtu mwenye jina moja na mwenzake. Tena somo ni mwanamke amfundishaye mwali adabu za utu uzima. Nao Wakatoliki, mtu akipewa jina la mtakatifu, humwita mtakatifu huyo somo wake. Si ajabu neno moja kubeba mambo hayo yote, kwa kuwa jina ambalo wengine wamelichukua kabla yetu huwa na mafundisho ndani yake.

Hata hivyo hutokea wanafunzi wakabishana njiani. Mmoja husema, "Mariamu ni jina la Kiislamu; Wakristo huitwa Maria." Mwingine hujibu, "Sivyo, limo katika Biblia, ni letu sisi." Ugomvi wa namna hii huanza kwa maneno, ukaisha kwa watu wawili kutosemezana. Basi na tulitazame jina hili: limetoka wapi, limepita kwa nani, na limefikaje katika pwani hii. Ndipo msomaji atakapoweza kuamua mwenyewe ni la nani.

Mji wenye jina la maana mbili

Watu wa Bagamoyo wanajua vema kwamba jina moja laweza kufasiriwa kwa njia mbili, maana mji wao wenyewe una jina la namna hiyo. Wengi husema asili yake ni maneno "bwaga moyo". Lakini ni nani aliyeubwaga moyo wake, na kwa nini?

Wengine husema ni wapagazi. Hao walitoka bara na pembe za ndovu mabegani, wakatembea miezi mingi kutoka Ujiji na Tabora. Walipoiona bahari walitua mizigo yao, wakatulia moyo, kwa kuwa taabu ya safari imekwisha. Wengine husema ni watumwa. Hao walipoiona bahari walijua kwamba hawatarudi kwao tena, wakaiacha mioyo yao pwani kabla ya kupakiwa majahazini. Njia ilikuwa ile ile, na pwani ile ile. Lakini aliyekuja na mzigo wa ujira na aliyekuja na mnyororo shingoni hawakuweza kulisikia jina hilo sawasawa. Kumbukeni jambo hili, kwa maana jina la Mariamu nalo limepita kwa watu wenye furaha na kwa watu wenye huzuni.

Asili ya jina na maana yake

Mariamu ni jina la Waebrania wa kale. Watu hao waliandika maneno yao kwa konsonanti, bila kutia irabu. Jina hili waliliandika kwa herufi nne tu, ambazo kwa herufi zetu ni M, R, Y, M. Msomaji akatia irabu mwenyewe alipotamka. Kwa hiyo wako waliosema Miryam, na wako waliosema Maryam. Wayunani walipolipokea walisema Mariam, na pengine Maria. Warumi walishika Maria, na Wareno, Waitalia na Wahispania wakawafuata. Wafaransa walisema Marie, na Waingereza Mary. Waarabu walishika Maryam. Nao Waswahili, ambao hupenda neno liishe kwa irabu, walisema Mariamu.

Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, dada yake Musa huitwa Miriamu, na mama yake Yesu huitwa Mariamu. Wakatoliki katika sala zao wamezoea kusema Maria. Haya si majina matatu. Ni jina moja lililovaa nguo tatu.

Je, maana yake ni nini? Wataalamu wa lugha wametoa majibu mengi, na hawajapatana hata leo. Manne katika hayo ndiyo yanayotajwa mara nyingi.

Jibu la kwanza ni uchungu. Kwa Kiebrania mar ni chungu, kama Waarabu wasemavyo murr. Katika kitabu cha Ruthu, Naomi aliyefiwa na mumewe na wanawe aliwataka watu wamwite Mara, kwa sababu ya uchungu uliompata. Wenye kushika jibu hili husema kwamba dada yake Musa alizaliwa siku za utumwa, wakati maisha ya watu wake yalipokuwa machungu.

Jibu la pili ni uasi, kutokana na neno meri. Wengi hushangaa kusikia kwamba mtoto aweza kuitwa hivyo. Lakini mtu aliye chini ya bwana mkali huenda akauona uasi kuwa sifa.

Jibu la tatu ni tone la bahari, kwa kuwa mar katika Kiebrania ni tone pia, na yam ni bahari. Jibu hili lina kisa chake. Mtaalamu mmoja wa Kanisa, jina lake Hieronimo, aliyekufa mwaka 420, aliandika kitabu juu ya maana za majina ya Kiebrania. Wengi hudhani kwamba aliandika kwa Kilatini stilla maris, yaani tone la bahari. Zamani hizo vitabu vilinakiliwa kwa mkono. Mwandishi fulani akaiacha i, akaandika e, na stilla ikawa stella, yaani nyota. Kiswahili nacho kina hatari hiyo: badili herufi moja tu, na bata atakuwa bati. Basi tone likawa nyota, na mabaharia wa Ulaya wakamwita mama yake Yesu Nyota ya Bahari.

Watu wa pwani hupendezwa na jina hilo. Nahodha akiwa katikati ya Bagamoyo na Unguja usiku, naye haioni nchi kavu, hujua thamani ya nyota. Lakini jambo kupendeza si ushahidi wa kwamba ni kweli. Mwanafunzi mwangalifu husema, "Watu wamemwita Nyota ya Bahari", hasemi, "Hiyo ndiyo maana ya jina lake."

Jibu la nne latoka Misri. Katika lugha ya Wamisri wa kale neno la kupenda lilikuwa na herufi M na R. Dada yake Musa alizaliwa Misri, na jina la Musa lenyewe hudhaniwa na wataalamu wengi kuwa la Kimisri. Kwa hiyo wako wasemao kwamba Mariamu maana yake ni mpendwa.

Uchungu, uasi, tone la bahari, mpendwa: jina moja, majibu manne. Mtu akitaka kujua kwa nini jina hili limependwa, kamusi haitamtosha. Imempasa kuwatazama wanawake waliolichukua.

Msichana kando ya mto

Mwanamke wa kwanza ajulikanaye kwa jina hili ni dada yake Musa na Haruni. Farao wa Misri alikuwa ametoa amri kwamba watoto wanaume wa Waebrania watupwe mtoni. Mama yake Musa alimficha mwanawe miezi mitatu. Alipoona hawezi kumficha tena, akasuka chombo cha mafunjo, akakipaka lami, akamlaza mtoto ndani, akakiweka katika majani kando ya mto Nili. Dada yake mtoto akasimama mbali, apate kuona litakalotokea.

Binti Farao akaja kuoga, akakiona chombo, akakifungua, akamwonea mtoto huruma. Hapo yule msichana angaliweza kukimbia, kwa kuwa alikuwa mtoto wa watumwa, na aliyesimama mbele yake ni binti wa mfalme. Hakukimbia. Alisogea, akauliza kwa adabu kama amwitie mwanamke wa Kiebrania amnyonyeshee mtoto. Akaambiwa, "Nenda", akaenda, akamleta mama yake mwenyewe. Hivyo mama alimlea mwanawe, tena kwa ujira wa nyumba ya mfalme. Maneno machache ya msichana, yaliyosemwa wakati wake, yaliokoa maisha.

Miaka mingi baadaye, Waebrania walipotoka utumwani wakavuka bahari, Miriamu huyo alitwaa tari, na wanawake wote wakamfuata wakicheza na kuimba. Biblia humwita nabii. Lakini haifichi kosa lake. Alimnung'unikia Musa kwa sababu ya mke wake Mkushi, yaani mwanamke wa nchi iliyo kusini ya Misri. Akapatwa na ukoma, akakaa nje ya kambi siku saba. Na watu hawakumwacha. Hawakusafiri mpaka aliporudishwa. Basi aliyelichukua jina hili kwanza alikuwa shujaa, na alikuwa mtu awezaye kukosa kama watu wengine.

Jinsi jina lilivyoenea

Katika vitabu vya Agano la Kale jina hili halionekani tena sana. Lakini msomaji akifungua Injili huwakuta akina Mariamu kila upande: mama yake Yesu, Mariamu wa Magdala, Mariamu wa Bethania, ndugu yake Martha, Mariamu wa Klopa, Mariamu mama yake Yakobo. Wanafunzi wengi huchanganyikiwa hapo, wakadhani mwandishi amekosea.

Hakukosea. Siku zile ndilo lililokuwa jina la wanawake lililopendwa kuliko yote katika nchi ya Wayahudi. Wataalamu wamekusanya majina yaliyoandikwa vitabuni na juu ya masanduku ya mifupa makaburini, wakaona kwamba karibu mwanamke mmoja katika kila watano aliitwa hivyo. Sababu moja itajwayo ni malkia Mariamne. Huyo alitoka katika ukoo wa Wayahudi waliopigania uhuru wa nchi yao, akaolewa na mfalme Herode, kisha Herode huyo huyo akaamuru auawe, mwaka wa 29 kabla ya Kristo. Yamkini watu waliokuwa chini ya utawala wa wageni walipenda kuwapa binti zao jina la kuwakumbusha uhuru.

Tazameni pia jinsi watu wa Injili walivyowatofautisha akina Mariamu hao. Mmoja alitajwa kwa mji wake, mwingine kwa mumewe, mwingine kwa mtoto wake. Watu wa pwani hufanya vivyo hivyo. Husema Mariamu binti Saidi, au Mariamu wa Dunda, au huacha jina kabisa wakamwita Mama Idi. Mtoto wa Bagamoyo akiulizwa, "Mariamu yupi?", hujibu mara moja, angaliishi Galilaya siku zile, angalijibu kwa namna ile ile.

Jina lafika pwani

Karibu na Bagamoyo, mwendo wa kilometa 5 hivi upande wa kusini, pana magofu ya Kaole. Hapo pana msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, wa tangu karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu. Mahali hapo watu waliswali na kusoma Kurani mamia ya miaka kabla ya misheni yo yote kufika. Na mwenye kusoma Kurani hawezi kukosa kulikuta jina la Mariamu. Sura ya 19 huitwa kwa jina lake. Yeye ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake mwenyewe katika kitabu hicho, na jina hilo limo mara 34. Nabii Isa naye huitwa mara nyingi Isa mwana wa Mariamu.

Kurani yaeleza pia jinsi alivyopewa jina. Mama yake aliweka nadhiri kwamba mtoto aliye tumboni atawekwa wakfu kwa Mungu. Alipojifungua akaona ni mtoto wa kike, hakuivunja nadhiri yake. Alimpa jina la Mariamu, akamwombea ulinzi wa Mungu. Tena husimuliwa jinsi Mariamu alivyopatwa na utungu wa kuzaa chini ya mtende, naye akaambiwa autikise, tende mbivu zikamwangukia. Mwenye jina la Maria naye hakosi somo katika historia ya Uislamu, kwa kuwa Maria Mkopti, aliyetoka Misri, alimzalia Mtume Muhammad mwana aliyeitwa Ibrahimu.

Basi tangu zamani masikio ya watu wa pwani, tangu Kunduchi hata Saadani, yalilizoea jina hili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, wakaiweka misheni yao chini ya ulinzi wa Bikira Maria na kuiita kwa Kifaransa Notre-Dame de Bagamoyo, hawakuleta jina geni. Walileta namna nyingine ya kulitamka.

Majina ya watumwa

Hapa lazima kukumbuka jambo la kuhuzunisha. Zamani hizo Bagamoyo ulikuwa mji wa biashara ya pembe na ya watu. Mtumwa alipouzwa, aghalabu bwana wake mpya alimpa jina jipya. Majina kama Mabruki, Faraji, Feruzi na Baraka yalisikika sana miongoni mwao. Si majina mabaya. Mabruki ni aliyebarikiwa, Faraji ni nafuu baada ya dhiki, Feruzi ni jiwe la thamani. Ubaya haukuwa katika neno. Ulikuwa katika jinsi lilivyotolewa. Mtoto aliyeibwa Unyamwezi au Uyao alikuwa na jina alilopewa na mama yake, pengine jina la bibi yake. Jina hilo likizimwa, njia ya kwao nayo ilizimwa. Maana ndugu yake akija kumtafuta, atamwulizia nani?

Mapadre walinunua watoto wa watumwa ili kuwakomboa, wakawalea, wakawafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono. Masista waliofanya kazi pamoja nao waliitwa Mabinti wa Maria. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849 katika kisiwa cha Réunion, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa huko mwaka 1848, nalo lilipokea wanawake wa kila rangi, hata waliokuwa watumwa. Watoto walipobatizwa walipewa majina ya watakatifu, na Maria lilikuwamo.

Ni haki kusema kweli yote. Jina la ubatizo nalo lilikuwa jina jipya, lililotolewa na watu wageni, wala halikurudisha lile alilolitoa mama. Lakini lilikuwa na tofauti moja kubwa: halikuwa alama ya mali. Msichana aliyeitwa Maria katika kijiji cha waliokombolewa alikuwa na jina lile lile la masista waliomfundisha, na la malkia wa Ulaya, na la mama yake Bwana wao. Akitoka kwenda mjini, aliwakuta akina Mariamu wa nyumba za waungwana. Msichana aliyenyang'anywa ukoo alipata masomo wengi. Katika eneo la misheni ile, karibu na makaburi, pana mahali padogo pa kusali pa Bikira Maria palipojengwa na watu waliokombolewa. Waliojenga walijua ni kwa nini wanalishukuru jina hilo.

Tarehe 24 Februari 1874 Susi, Chuma na wenzao waliingia Bagamoyo na maiti ya Daktari Livingstone, waliyoichukua mwendo wa miezi mingi kutoka bara. Maiti ilipumzishwa kwenye misheni kabla ya kupelekwa Unguja na Uingereza. Mke wa Livingstone naye aliitwa Mary, alikufa mwaka 1862, akazikwa Shupanga kando ya mto Zambezi. Mume aliyemzika Mary wake katika Afrika alilazwa usiku wake wa mwisho barani katika nyumba yenye jina lile lile.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Katika Tanganyika sheria iliyokomesha utumwa kabisa ilitoka mwaka 1922. Minyororo imebaki katika nyumba za makumbusho. Majina yamebaki kwa watu.

Jina hili ulimwenguni

Mapenzi ya watu kwa majina hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Marekani, tangu mwaka 1880 hata 1961, Mary lilikuwa la kwanza katika majina ya watoto wa kike karibu kila mwaka; baadaye likashuka sana, wazazi wakatafuta majina mapya. Waayalandi walifanya jambo la pekee. Walimheshimu mama yake Yesu hata wakatenga tamko lake, Muire, liwe lake peke yake. Wasichana wengine huitwa Máire.

Katika Afrika jina hili limechukuliwa na wanawake wenye sifa. Miriam Makeba wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1932, alizuiwa kurudi katika nchi yake kwa kuusema ukweli juu ya ubaguzi wa rangi, akazunguka ulimwengu akiimba, na wimbo wa Kiswahili "Malaika" akaufikisha mbali. Naye mke wa Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa Tanzania, nchi nzima ilimjua kwa jina la Mama Maria.

Jina hili ni la nani?

Sasa turudi kwa wale wanafunzi waliobishana njiani. Mmoja alisema Mariamu ni jina la Waislamu, na mwingine akasema ni la Wakristo. Msomaji ameona kwamba jina hili ni la zamani kuliko msikiti wa Kaole, na kuliko kanisa la Bagamoyo. Lilikuwako kabla ya dini zote mbili. Alilichukua kwanza msichana mtumwa wa Misri, aliyesimama kando ya mto akimlinda ndugu yake. Tangu siku ile limevuka mto na bahari, limeingia nyumba ya mfalme na kibanda cha aliyenyang'anywa kila kitu. Hakuna mlango wa kulifungia, wala mtu mwenye ufunguo.

Kwa hiyo bibi kizee wa pwani hakosei amwitapo yule msichana wa shule, "Somo yangu, njoo unishikie kikapu." Hamwulizi kwanza anasali wapi. Na msichana akikishika kikapu kile mpaka nyumbani kwa bibi, amefanya kama yule dada yake Musa, ambaye hakungoja kuwa mkubwa ndipo amsaidie mtu.

Wazee husema, "Jina jema hung'ara gizani." Lakini halijing'arizi lenyewe. Wataalamu waweza kuendelea kushindana kama Mariamu ni uchungu au upendo, tone au nyota. Huyo binti aitwaye Mariamu leo, katika Bagamoyo au mahali pengine po pote, ndiye atakayewaonyesha jirani zake maana yake.

Maswali

1. Taja maana tatu za neno "somo" zilizoelezwa katika habari hii.
2. Jina la Bagamoyo lafasiriwa kwa njia mbili. Zieleze, kisha sema ni kwa nini watu hawakulisikia jina hilo sawasawa.
3. Neno la Kilatini la "tone" liligeukaje kuwa "nyota"? Toa mfano wako mwenyewe wa maneno mawili ya Kiswahili yanayotofautiana kwa herufi moja tu.
4. Dada yake Musa alionyesha ujasiri gani mbele ya binti Farao?
5. Kwa nini wako akina Mariamu wengi katika Injili? Walitofautishwaje?
6. Jina la mtumwa na jina la ubatizo yalifanana kwa jambo gani, na kutofautiana kwa jambo gani?
7. Waulize wazee wako: jina lako lilitoka kwa nani, na mtu huyo alikuwa mtu wa namna gani? Andika majibu yao kwa mistari kumi.